Nyumba ya zamani inauzwa Katesh: soma ardhi kwanza, kuta baadaye

Mwezi uliopita kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu kutoka Katesh. Kapata nyumba. Vyumba vinne, tofali za kuchoma, bati, ua mpana wenye miparachichi miwili, mtaa wa zamani usio mbali na soko. Bei nzuri, tena nzuri mpaka inatia mashaka. "Dalali anasema hii nyumba imekaa miaka arobaini na haijatetereka," akaniambia. "Wewe si unasoma mambo ya miamba huko chuoni, mdogo wangu? Hebu niambie, nilipe?"

Nilitaka kumjibu palepale kwenye simu, nikashindwa. Swali lake linagusa jiolojia, fizikia ya maji, kemia ya udongo na hesabu kidogo ya uwezekano. Na si yeye peke yake anayeuliza. Iwe Katesh, Endasak, Dongobesh, Haydom au Mbulu mjini, kuna watu wanaohesabu akiba ya miaka mingi na kuangalia nyumba iliyojengwa na mzee fulani zamani. Kama wewe ni mmoja wao, na hela uliyonayo inatosha kununua nyumba moja tu maishani, makala hii ni yako. Huhitaji kuwa injinia. Unahitaji siku mbili za kuzunguka, msumari, kadi ya benki, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, na moyo wa kukataa ikibidi.

"Imekaa miaka arobaini" inathibitisha nini?

Tuanze na hoja ya dalali, maana ndiyo inayowashawishi wengi. Nyumba iliyosimama miaka 40 imethibitisha kwamba inaweza kuvumilia mambo yanayotokea kila mwaka: jua, mvua ya kawaida, upepo, watoto. Hilo si dogo. Msingi mbovu kabisa ungekuwa umejionyesha ndani ya misimu michache ya mwanzo. Kwa upande huo nyumba ya zamani ina faida kuliko mpya, kwa sababu kasoro zake nyingi zimeshajitokeza na unaweza kuziona.

Lakini vipi kuhusu mambo yanayotokea mara chache? Chukua mfano wa hesabu tu, usiuchukulie kuwa kipimo cha mahali fulani. Tuseme kuna balaa linalokuja kwa wastani mara moja katika miaka 100. Kila mwaka, uwezekano wa kutolikuta ni asilimia 99. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 40, utapata karibu 0.67. Yaani katika nyumba 100 zilizo kwenye njia ya balaa hilo, 67 zinaweza kufikisha miaka 40 bila kuguswa, na kila moja ina dalali wa kusema "haijatetereka". Sasa geuza upande: wewe ukikaa humo miaka 30, uwezekano wa kulikuta balaa walau mara moja ni karibu asilimia 26. Ni kama mtu mmoja kati ya wanne. Ungepanda basi ambalo abiria mmoja kati ya wanne hafiki salama?

Kwa hiyo umri wa nyumba hauwezi kukuambia habari za balaa la nadra. Habari hizo ziko kwenye ardhi, ambayo ina kumbukumbu ndefu kuliko dalali na hata kuliko wazee.

Njia ya tope

Hapa Hanang hatuhitaji mifano ya mbali. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu za mteremko wa Mlima Hanang zilimeguka. Maji, udongo, mawe na magogo vilishuka kwa makorongo hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile wengine walidhani mlima umelipuka, kwa kuwa Hanang ni volkano. Haukulipuka. Mlima umejengwa kwa tabaka za majivu na mawe ya volkano, baadhi yake dhaifu zinazonyonya maji. Mwaka ule mvua za Afrika Mashariki zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu El Niño ilikuja pamoja na joto la ziada upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Maji yakijaa kwenye vitundu vya udongo, yanasukuma chembe zake ziachane. Msuguano unaoshikilia mteremko unapungua, na sehemu ya mlima inateleza.

Kwa nini tope linabeba mawe makubwa kuliko gari? Hebu tupige hesabu. Meta moja ya ujazo ya jiwe ina uzito wa tani 2.7 hivi. Ukilizamisha kwenye maji safi, linapungua tani moja, linabaki kama la tani 1.7. Lakini tope zito, lenye mchanga na udongo mwingi, linaweza kufikia karibu tani 2 kwa meta ya ujazo. Jiwe lilelile ndani yake linakuwa kama la tani 0.7 tu. Karibu linaelea! Ongeza mwinuko: kilele cha Hanang kiko zaidi ya meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, na Katesh iko zaidi ya meta 1,500 chini yake. Nguvu ya kitu kinachotembea inaongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo tope likiongeza mwendo mara mbili, pigo lake kwenye ukuta linaongezeka mara nne. Hakuna tofali la kuchoma, wala la saruji, lililotengenezwa kwa ajili ya pigo hilo.

Sasa fanya hivi. Kabla hujaingia ndani ya nyumba, ipe mgongo, panda kuelekea mlimani. Tafuta korongo lililo karibu, kisha litazame kwa macho ya tope:

- Korongo linaelekea wapi? Likipinda, tope zito halikati kona vizuri, linaruka upande wa nje wa kona. Nyumba iliyo upande wa nje, hata kama iko mita nyingi kutoka kwenye korongo, iko kwenye njia.
- Je, kuna daraja dogo au kalavati juu ya nyumba? Gogo moja na mawe mawili yakiliziba, maji yatatafuta njia mpya, na mara nyingi njia hiyo ni barabara ya mtaa.
- Angalia mawe yaliyotapakaa mashambani. Mto wa kawaida hupanga mawe yake, makubwa na makubwa, madogo na madogo. Tope halipangi. Ukikuta jiwe la ukubwa wa meza limelala katikati ya udongo laini, na hakuna mwamba karibu ambao lingedondoka kutoka kwake, jiulize lilifikaje pale.
- Omba ruhusa uchimbe shimo la mita moja pembeni mwa ua. Tabaka la udongo mweusi wa juu likifunikwa na kokoto na mawe yaliyochanganyika, halafu juu yake udongo mweusi mwingine, umeona ushahidi kwamba ardhi ile ilifunikwa, ikatulia, ikaota majani. Huenda ikafunikwa tena.
- Tazama rangi ya kuta. Rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno tu, kuzunguka nyumba nzima, ina kitu inachoficha.

Kisha zungumza na majirani, hasa wazee waliokaa hapo muda mrefu. Usiulize "je, ni salama?" Watakujibu kwa adabu kwamba ni salama, nani anataka kuharibu biashara ya jirani? Uliza maswali yenye jibu la kuonyesha kwa kidole: "Bibi, mwaka ule wa 2023 tope liliishia wapi? Na mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalifika mti upi?"

Mbulu mjini hakuna Mlima Hanang juu ya vichwa vya watu, lakini kuna miteremko. Nyanda zile za juu ziko kwenye miamba ya kale sana, yenye udongo mwekundu mzito. Wairaqw tangu zamani walijua kujenga kwa kuchimba ubavu wa kilima. Nyumba nyingi za baadaye zilifuata njia nyingine: nusu ya kiwanja inachimbwa, udongo wake unamwagwa upande wa chini ili kupata uwanja tambarare. Hapo nusu ya nyumba imekaa kwenye ardhi ya asili na nusu nyingine kwenye udongo wa kujaza. Udongo wa kujaza usioshindiliwa vizuri unaendelea kukaa chini kwa miaka. Simama chini ya nyumba utazame juu. Miti iliyoinama, uzio uliolala, au ufa ardhini uliojipinda kama mwezi mchanga juu ya nyumba, vyote vinasema mteremko unatembea polepole.

Nyufa zina lugha yake

Ardhi ikikubali, sasa njoo ukutani. Usiogope kila ufa. Kila nyumba ya zamani ina nyufa, na nyingi ni za lipu tu iliyokauka haraka.

Toa kadi yako ya benki. Unene wake ni chini kidogo ya milimita moja. Ufa usioingiza kadi kwa kawaida ni suala la lipu na rangi. Ukifika milimita 5, fundi anazibua na kuziba. Kati ya 5 na 15, penseli ikianza kuingia, kuna kitu kinachosogea chini na inabidi ujue ni nini. Ukizidi milimita 15, unazungumzia kubomoa na kujenga upya sehemu ya ukuta.

Upana pekee hautoshi, angalia na mwelekeo. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi kwenye viungio vya tofali, mara nyingi unatokana na msingi ulioshuka upande mmoja. Ufa uliosimama wima kwenye makutano ya chumba cha zamani na chumba cha kuongezwa unaonyesha kwamba kuta mbili zilijengwa nyakati tofauti bila kufungwa pamoja. Ufa wa mlalo chini ya kenchi unaweza kuwa paa linasukuma ukuta nje.

Kisha kuna ufa unaopumua. Sehemu tambarare za Hanang, kuelekea mashamba ya ngano ya Basotu, zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule tunaouita wa mbuga. Chembe zake zimepangwa kama kurasa za daftari, nyembamba mno. Mvua ikinyesha, maji huingia kati ya kurasa na udongo unavimba. Kiangazi yanatoka na udongo unasinyaa mpaka ardhi inapasuka. Nyumba iliyo juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Muuzaji anaziba ufa mwezi wa saba, anakuuzia mwezi wa tisa, nawe unaukuta umerudi baada ya mvua. Kuujua udongo huo ni rahisi: lowesha konzi moja, uviringishe kama unavyoviringisha unga wa maandazi. Ukifanya kamba nyembamba kama penseli isiyokatika, una mfinyanzi mwingi mkononi.

Kuhusu usawa wa nyumba, tumia mpira wa maji kama mafundi wanavyofanya. Jaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kona moja, wewe ncha nyingine kwenye kona ya pili. Maji katika ncha zote mbili yatalingana usawa, hayana urafiki na dalali. Chagua mstari mmoja wa tofali au kingo ya sakafu uzunguke nao kona zote nne. Kona ikipishana kwa sentimita moja si ajabu kwa nyumba ya mzee. Ikipishana kwa tano, rudi ukasome tena nyufa zilizo upande huo.

Mwisho, kwaruza kiungio cha tofali kwa msumari mahali palipobanduka lipu. Kikimwagika kama vumbi, tofali zimeshikwa kwa udongo. Nyumba ya udongo si mbaya ikiwa kavu. Adui yake ni maji, na hapo ndipo tunapoelekea.

Unyevu: kwanza ujue unatoka wapi

Unakumbuka utambi wa koroboi? Mafuta yanapanda yenyewe kupitia vitundu vidogo vya uzi. Tofali nalo ni utambi. Msingi ukigusa udongo wenye maji, maji yanapanda ukutani, kwa kawaida hadi mita moja hivi, kisha yanatoka kama mvuke. Yanaacha chumvi aliyoibeba udongo, ndio ule unga mweupe unaoonekana chini ya ukuta. Katika bonde hili la volkano, ambako hata maji ya Ziwa Balangida ni ya magadi, chumvi haikosekani. Fuwele zake zikikua ndani ya vitundu vya tofali zinalipasua taratibu kutoka ndani.

Nyumba mpya zinawekewa nailoni nzito kati ya msingi na ukuta ili kukata safari hiyo ya maji. Za zamani nyingi hazina. Kwa hiyo doa la unyevu lenye mwisho ulionyooka usawa wa goti au kiuno linatoka ardhini. Doa linaloanzia juu na kushuka linatoka kwenye bati. Doa kwenye kona baridi, lenye ukungu mweusi, nyuma ya kabati, linatokana na pumzi na mvuke wa jikoni kugandia kwenye ukuta baridi, jambo la kawaida katika miezi ya baridi huku kwetu. Hili la tatu linatibiwa kwa kufungua dirisha. La pili linatibiwa kwa misumari na bati. La kwanza ndilo gumu, ingawa mara nyingi mfereji mzuri kuzunguka nyumba na kuondoa udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu hupunguza nusu ya taabu.

Kama unaweza, nenda siku ya mvua. Nusu saa ya mvua itakueleza zaidi ya ziara tatu za jua.

Panda darini

Omba ngazi. Ukikataliwa, hilo nalo ni jibu.

Chukua msumari, dunga mbao za kenchi hasa pale zinapokutana na ukuta. Mbao nzima inagoma. Iliyoliwa na mchwa inaingia kama mkate. Tafuta vijia vya udongo vya mchwa ukutani. Mchwa hupenda giza na unyevu, kwa hiyo vijia vikipanda kutoka kwenye doa la unyevu, umekuta matatizo mawili yanayolishana.

Kama paa ni la vigae vya kijivu vyenye mawimbi, vinene kuliko bati na vinavyovunjika badala ya kukunjika, huenda ni asbesto, iliyotumika kwenye majengo mengi ya zamani ya umma na ya taasisi. Kigae kizima kilichotulia hakitoi hatari kubwa. Hatari inakuja ukikikata, ukikitoboa, ukikisugua kwa brashi ya waya au kukivunja, kwa sababu nyuzi zake ndogo zisizoonekana huingia mapafuni na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kwa hiyo usimwambie fundi "toa hayo mavitu, weka bati" kana kwamba ni kazi ya Jumamosi moja. Kuyaondoa salama ni gharama, iingize kwenye bei.

Je, nyumba imefungwa mkanda?

Tunakaa kwenye Bonde la Ufa, mahali ambapo bara linapasuka polepole. Mei 1964 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 6 lilipiga eneo la Mbulu na Ziwa Manyara. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 huko Kagera lilibomoa nyumba nyingi Bukoba na kuua watu. Kuta za tofali hustahimili uzito unaozikandamiza kutoka juu, lakini hazipendi kutikiswa ubavuni. Kila ukuta hucheza kivyake, kona zinaachana, paa linakosa pa kushika.

Dawa yake ni lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Swali ni moja: mkanda huo unazunguka nyumba nzima bila kukatika, au kuna vipande tu juu ya madirisha? Nyumba nyingi za zamani zina vipande tu, au mbao. Mwombe fundi abandue lipu kidogo kwenye kona, juu ya usawa wa mlango, uone kama zege linapita. Lenta ikikosekana, fundi mzoefu anaweza kuifunga nyumba, ila hiyo nayo ina bei yake.

Kisima uani si lazima kiwe zawadi

"Na maji yake mwenyewe yapo!" Dalali atakwambia hivyo kwa tabasamu. Subiri kidogo. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floraidi kwenye maji ya ardhini. Kidogo kinasaidia meno. Kikizidi, watoto wanaokua wanapata meno ya kahawia, na kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa inaharibika na kupinda. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina zaidi kuliko mwanzo.

Peleka sampuli maabara ya maji. Ofisi ya RUWASA ya wilaya itakuelekeza. Wakati unasubiri majibu, tazama meno ya watoto waliozaliwa na kukulia katika nyumba ile. Maji yakiwa mabaya, maji ya mvua ya bati yana floraidi kidogo sana, na kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimevifanyia kazi kwa miaka mingi. Tatizo linatibika, mradi ulijue kabla ya kulipa.

Uliza pia vyoo vya zamani vilikuwa wapi. Ua wa miaka 40 unaweza kuwa umeshafukia mashimo mawili au matatu. Shimo karibu na kisima ni njia ya vijidudu, na shimo lililofukiwa chini ya mahali unapopanga kuongeza chumba ni ufa unaokusubiri.

Mistari ya sheria ambayo ina sayansi ndani yake

Mambo ya hati, mirathi na saini ya mwenza wa ndoa wa muuzaji mwachie mwanasheria, na yasipite bila yeye. Mimi nataka upime mistari miwili kwa futi yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Wengi wanaiona kama usumbufu wa serikali. Ukishaelewa tope linavyoruka kona, utaona ni kanuni ya uhai pia. Mstari wa pili ni wa barabara kuu, kama ile ya Babati kwenda Singida inayopita Katesh: hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Tazama ukutani kama kuna alama ya X, au mahali palipofutwa X.

Gawa kasoro katika makapu matatu

Ukimaliza kuzunguka utakuwa na orodha ndefu na kichwa kinauma. Igawe hivi.

Kapu la kwanza ni la mambo ya fundi: lipu, bati lililotoboka, mfereji, madirisha, nyufa ndogo, ukungu. Haya yasikutishe. Yatumie kuomba upunguziwe.

Kapu la pili ni la mambo ya gharama: kenchi zilizoliwa, lenta isiyokuwepo, asbesto, unyevu wa msingi, kona iliyozama, maji yenye floraidi. Pata makadirio ya fundi wawili tofauti, jumlisha, toa kwenye bei. Ikibaki bei inayolipa, nunua kwa amani.

Kapu la tatu ni la mambo ambayo hela haiyarekebishi: njia ya tope, mteremko unaotembea, ndani ya mita 60 za korongo. Kapu hili likiwa na kitu kimoja tu, usijadili bei. Baada ya maafa ya 2023 serikali haikuwajengea waathirika palepale walipokuwa. Iliwajengea nyumba mpya zaidi ya 100 mahali pengine, Waret. Mahali hapafanyiwi ukarabati.

Nilichomwambia kaka

Alizunguka siku mbili, akanitumia picha na video. Nyumba ile ni nzuri kweli. Kuta zimenyooka, kona zinalingana kwa mpira wa maji, kenchi ngumu, nyufa haziingizi kadi. Mzee aliyeijenga alijua kazi yake. Kapu la pili lilikuwa karibu tupu. Lakini kutoka uani, ukipanda dakika tano, korongo linapinda, na nyumba iko upande wa nje wa kona. Shimo alilochimba kando ya mparachichi lilionyesha kokoto na mawe chini ya udongo mweusi, halafu udongo mweusi mwingine chini yake.

Nikamwambia asinunue. Hakufurahi. "Majirani wote wanakaa pale, mdogo wangu. Wao hawana akili?"

Wana akili. Ardhi ya chini ya mlima ina rutuba kwa sababu ileile kwamba mlima huileta, maji yapo, soko lipo, na makaburi ya wazee yako hapo. Kuhama kunagharimu kuliko kutonunua, na wengi hawana pa kuhamia. Yeye bado hajaingia, ana nafasi ambayo jirani yake hana. Sasa anaangalia nyumba nyingine, mbaya zaidi kwa kuta, kwenye mgongo wa ardhi mbali na korongo. Ina kapu la pili limejaa, na tunalihesabu pamoja.

Na wewe ambaye tayari unaishi kwenye njia? Yapo ya kufanya. Chagua leo mahali pa kukimbilia, na pawe pembeni na juu, kwa maana tope hulishindi kwa kukimbia kuelekea linakoelekea. Mvua kubwa ikinyesha siku kadhaa mfululizo na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, usiku huo watoto walale kwa ndugu aliye juu ya korongo. Ukisikia mngurumo mlimani, au maji ya korongo yakabadilika ghafla kuwa mazito, au yakapungua ghafla huku mvua inanyesha, ondoka mara moja, usisubiri kuhakikisha. Maji kupungua wakati wa mvua maana yake kuna kitu kimeziba huko juu, na kitakapozibuka kitashuka chote kwa pamoja.